UZI: Akili mnemba na bei za zabuni huku Nyanda za Juu Kusini. Ipe nyaraka isome, bei usiiachie

Mleta uzi:

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke moja kwa moja kwenye maoni.

Kuanzia Iringa hadi Tunduma, makandarasi wa madaraja ya chini, yaani la tano kushuka hadi la saba, tumeanza mtindo mmoja unaonitia wasiwasi. Mtu anaingia NeST (mfumo wa Serikali wa zabuni mtandaoni), anapakua BOQ (jedwali la kazi na vipimo vyake linalojazwa bei), anaitupia ChatGPT au mojawapo ya ndugu zake, anaandika "nijazie bei za Mbeya". Dakika mbili jedwali limejaa. Kila mstari una bei, chini kuna jumla, na asilimia ya faida imewekwa bila kuombwa. Linapendeza kuliko lile alilokuwa akijaza kwa kalamu hadi usiku wa manane. Anapandisha kwenye mfumo, anasubiri matokeo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusisumbuane. Hii kitu naitumia karibu kila zabuni na sina mpango wa kuacha. Ila bei hainipangii. Inanisomea, inanikumbusha, inanikagua. Bei natoa mwenyewe.

Tuanze na inavyofanya kazi. Imelishwa maandishi mengi mno, kisha inatabiri neno gani lifuate neno gani. Ukiiuliza zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula mifuko mingapi ya saruji, itakujibu vizuri, kwa sababu hesabu hiyo imo kwenye vitabu vya miaka yote. Ujazo mkavu ni kama mara 1.54 ya zege lililoshindiliwa. Gawa kwa 7, unapata mita za ujazo 0.22 za saruji. Zidisha kilo 1,440, uzito wa mita moja ya ujazo ya saruji, ni kilo 317, sawa na mifuko 6.3 ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Mchanga 0.44, kokoto 0.88. Hapo sina ugomvi nayo.

Sasa iulize tripu ya mchanga inauzwaje Makete mwezi Februari. Nani amewahi kuandika hiyo mtandaoni? Mwenye tipa anakutajia kwa simu, mnapatana, imeisha. Ingekuwa mtu angesema "sijui, ngoja nimpigie jamaa". Yenyewe mara nyingi inakupa namba, tena kwa kujiamini, na inaifafanua kwa aya nzuri. Namba hiyo imetoka kwenye harufu ya bei za Dar, za Nairobi, au za huko Marekani na Uingereza ambako wenzetu wana makabrasha ya gharama yanayochapishwa kila mwaka.

Mfano wa haraka. Chukulia umekadiria saruji itafika saiti kwa bei iliyo chini ya bei halisi kwa shilingi 2,500 kwa mfuko. Ni hela ya soda na chapati. Zidisha mifuko 6.3, ni shilingi 15,750 kwa kila mita ya ujazo. Kazi ina mita 120 za zege, umeshapoteza 1,890,000 kwenye saruji peke yake, hujagusa nondo wala mbao. Na kiwanda cha saruji tunacho hapa hapa Songwe! Kosa linatoka kwenye usafiri, kwa sababu mashine inaona "Mbeya" na kufikiri Mbeya ni sehemu moja. Mfuko unaoshuka Mbalizi na mfuko unaoteremka Kyela baada ya kupita Tukuyu ni bidhaa mbili tofauti.

Kuna mambo mengine ya huku ambayo haiyajui mpaka uiambie:

Mvua na mwaka wa fedha. Mwaka wa Serikali unaanza Julai 1. Zabuni zinatangazwa, zinatathminiwa, mikataba inasainiwa, unakabidhiwa saiti Oktoba au Novemba. Yaani mnakutana na mvua mlangoni. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili au Mei, na Rungwe ndiyo usiseme. Kazi ya barabara ya changarawe hapo inageuka kusubiri, maana udongo uliolowa haushindiliki, huku greda la kukodi linahesabu siku. Mashine ikipiga kasi ya kazi inachukua ile ya kiangazi iliyoandikwa vitabuni.

Vibarua. Mvua za kwanza zikidondoka vijana wa kijijini wanakwenda kupanda mahindi na viazi. Hakuna wa kumlaumu, ndio mwaka wao wote huo. Unabaki na wachache na bei yao imepanda, au unawatoa mjini na kuwalipia malazi.

Baridi. Njombe na Makete, Juni na Julai, zege linakomaa taratibu. Fomu za mbao za kumwagia zege unazopanga kuzitoa mapema zinakaa zaidi, kwa hiyo mbao na mirunda uliyotegemea kuihamishia nguzo zinazofuata bado imeshikiliwa. Unanunua mingine. Wa Mafinga mna nafuu, Sao Hill iko mlangoni. Sisi wengine tunaongeza na nauli.

Udongo. BOQ inapima shimo lilivyo ardhini. Ukichimba, udongo unavimba, chukua asilimia 25 kwa makadirio ya kawaida. Mita 100 za shimo ni mita 125 kwenye tipa. Ukiiuliza mashine kuhusu kuvimba itakupa somo zuri kabisa. Usipoiuliza, mara nyingi inakokotoa usafiri wa mita 100.

Na tripu yenyewe. Kuna tripu ya Fuso, kuna tripu ya tipa la tani kumi, na kuna tripu ambayo dereva ameshusha kidogo njiani. Ukiandika tu "tripu 14 za kokoto" unaiachia ibuni ujazo. Pima bodi la gari, andika mita za ujazo.

Naendelea kwenye posti ifuatayo, simu inaniishia chaji.

---

Mdau wa Makambako:

Mkuu umeongea vizuri, ila wengine tuliijaribu na tukashinda. Kazi ndogo ya madarasa. Bei zake nilizipunguza kidogo nikapata.

---

Mleta uzi:

Hongera mkuu, na nakuombea kazi iishe salama. Ila umenigusia mahali penyewe.

Iulize hiyo mashine bei ya mstari mmoja leo, kesho ufungue mazungumzo mapya uulize tena, na keshokutwa tena. Utapata bei tofauti. Sasa weka makandarasi kumi, wote wameiuliza. Wengine wamepewa bei ya juu, wengine ya kati, mmoja amepewa ya chini mno. Nani atashinda? Yule wa chini mno. Zabuni ya bei inachuja makosa kwa namna ya ajabu: anayekosea kwa kuzidisha hapati kazi, kwa hiyo hapati hasara. Anayekosea kwa kupunguza ndiye anayepewa mkataba.

Hili halikuanza na kompyuta. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta huko Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu minada ya vitalu vya mafuta na gesi. Kule mshindi ni anayetoa bei ya juu, kwa hiyo aliyekadiria mafuta mengi kuliko wenzake ndiye anayekipata kitalu, kisha anakuta mafuta si mengi kama alivyodhani. Hali hiyo sasa inaitwa laana ya mshindi. Kwetu sisi mnada umegeuzwa kichwa chini, laana ni ile ile. Kabla yao, mwaka 1956, Lawrence Friedman alishatoa kanuni ya kukokotoa nafasi ya kushinda kwa kila kiwango cha faida unachoongeza, akitumia kumbukumbu za bei ambazo washindani wako walishatoa huko nyuma. Na tangu miaka ya 1990 kuna watafiti wanaofundisha kompyuta kukadiria gharama za ujenzi na faida ya kuongeza. Wote hao wanahitaji kitu kimoja: kumbukumbu za kweli za kazi zilizopita. Bila hizo mashine inakisia, na wewe ukipunguza kidogo juu ya kisio ili ushinde, umejisukuma mwenyewe kwenye lile kundi la waliokosea.

Kwa hiyo kushinda hakujathibitisha bei yako ilikuwa sahihi. Rudi hapa ukishamaliza kupaua, utuambie.

---

Mdau wa Iringa, mkadiriaji majenzi:

Ndugu zangu, hapa ndipo mnapotupita sisi bila salamu. Kukadiria ni taaluma, kuna bodi yake, kuna kanuni za upimaji. Mtu anamkwepa QS, yaani mkadiriaji majenzi, ili aokoe ada, halafu anaangushwa na mstari mmoja wa nondo. Hiyo AI ikikosea mtaipeleka bodi gani?

---

Mleta uzi:

Shikamoo mkuu, na hapo upo sahihi. Kazi kubwa bila mkadiriaji ni kujitafutia kesi. Lakini na wewe tuelewe. Daraja la saba anaomba zabuni nyingi ndipo apate moja. Akikulipa kwa kila aliyoikosa, ataifunga kampuni. Mimi napendekeza hivi: zile ndogo ajiandae mwenyewe kwa msaada wa mashine, ile anayoona ina uzito akuletee ukague bei za mistari mikubwa tu. Kwenye jengo la kawaida, zege, nondo, kuta na paa vinabeba sehemu kubwa ya fedha. Mkague hivyo.

Umetaja nondo, niongezee. BOQ inazipima kwa kilo, duka linauza kwa kipande. Kanuni ni kipenyo mara kipenyo gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita, kipande cha mita 12 ni kama kilo 10.7, tani moja ni kama vipande 94. Milimita 16 ni karibu vipande 53. Mpe mashine bei ya kipande uliyopewa dukani, iambie igeuze iwe kilo, iongeze upotevu wa kukata na binding waya. Hiyo kazi inaiweza. Lakini iambie iandike kanuni ndani ya Excel, hesabu ifanywe na Excel. Ikipiga hesabu ndefu kichwani mwake huwa inateleza, na jumla yake inaonekana safi tu.

Kumbukeni pia kwenye nyaraka nyingi za zabuni, bei ya kizio (ya kipimo kimoja, mfano mita au kilo) na jumla ya mstari zikipishana, bei ya kizio ndiyo inayotawala, isipokuwa kama ni nukta iliyokaa vibaya. Kosa la kizio ndilo utakaloishi nalo.

---

Mdau wa Njombe:

Kaka mimi nina kampuni ya wanawake, tunaomba zile za makundi maalumu. Sasa kama bei haitoi, unaitumia kwa nini hasa? Mbona ni kama unaisifia na kuiponda?

---

Mleta uzi:

Swali zuri dada, hapa ndipo penye utamu.

Nyaraka ya zabuni ni kurasa nyingi, na fedha zimefichwa kwenye masharti. Ukurasa fulani unasema mkandarasi atapima sampuli za zege maabara kwa gharama zake. Mwingine unataka choo cha mafundi, mlinzi usiku na mchana, bango la mradi, ofisi ya msimamizi yenye meza na viti. Kuna bima, dhamana ya utendaji, kuna fedha zinazozuiliwa hadi kipindi cha matazamio (cha kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi kazi) kiishe, kuna fidia ya kila siku ya kuchelewa. Tukichoka tunaruka, tunaweka asilimia kumi ya matayarisho na kusali.

Mimi naipa faili lote naiambia hivi: "Orodhesha kila jambo ambalo mkandarasi anatakiwa kulifanya au kulilipia. Kila moja litaje namba ya ukurasa na unukuu sentensi yenyewe. Usiongeze kitu ambacho hakimo." Kisha nakwenda ukurasa kwa ukurasa kuhakiki. Nukuu isipokuwepo nafuta. Mara nyingi inaibua jambo ambalo jicho langu lingelipita. Baada ya hapo nailinganisha orodha na BOQ, naiuliza yapi hayana mstari wa kulipwa. Hayo ndiyo ya kuyasambaza ndani ya bei nyingine, ama kuuliza ufafanuzi kabla muda wa maswali haujafungwa.

La pili, naipa bei yangu inikague. Naiandikia nimeweka kiasi gani kwa mita ya mraba ya lipu, saruji kiasi gani, mchanga kiasi gani, fundi na saidia fundi wanamaliza mita ngapi kwa siku. Inauliza maswali. "Je, umeweka jukwaa la kupandia? Maji unayatoa wapi?" Kama mzee wa saiti anayezunguka na fimbo akiuliza hiki kiko wapi.

La tatu ni barua. Kuomba ufafanuzi, kuomba muda uongezwe kwa sababu ya mvua, kudai malipo yaliyochelewa. Kiingereza cha mikataba kinatutesa wengi, hapa imenisaidia kuliko fundi yeyote. Na ukichelewa kulipwa, riba ya mkopo uliojengea ni gharama, iweke kwenye bei tangu mwanzo. Mkataba unaandika siku zake, wewe unajua uzoefu wako na mwajiri huyo.

Kinachobadilisha kila kitu ni daftari. Chukua risiti zako za EFD (mashine ya risiti za kodi) za kazi zilizopita, ziandike kwenye jedwali: tarehe, mahali, kitu, kizio, bei dukani, usafiri hadi saiti. Ongeza na kazi: siku ile mafundi wangapi, mita ngapi, mvua au jua. Ukishakuwa na hilo, mashine inaacha kukisia. Unaiuliza "kwa kumbukumbu zangu, ukuta wa tofali za inchi 6 umewahi kunigharimu kiasi gani kwenye saiti ya mbali na mji" na inachambua yako, haichukui ya London. Hapo ndipo yule Friedman anaanza kuwa na maana. Kwa usiyekuwa na kumbukumbu ndefu, Baraza la Taifa la Ujenzi huwa linatoa bei elekezi za vifaa, ni pa kuanzia tu, zilinganishe na ulizopewa na maduka matatu.

Kwa matofali ya kuchoma, tahadhari. Ukiiuliza kwa Kiingereza ukuta wa matofali unakula mangapi kwa mita ya mraba, itakwambia 60, kwa sababu tofali la Uingereza lina urefu wa milimita 215 na kimo cha 65. Tanuri zetu kila moja ina kipimo chake. Pima tofali, pima na unene wa udongo au mota kati yake, mpe vipimo hivyo.

---

Mdau wa Mbalizi:

Na kodi je? Mimi iliniambia SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, ni asilimia 4.

---

Mleta uzi:

Ilikuwa 4, ikashushwa hadi 3.5 mwaka 2023. Imesoma karatasi za zamani. SDL inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, kwa hiyo hesabu vichwa vyako. Kuna na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kuna michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF, na VAT ya asilimia 18 ambayo lazima usome zabuni inasema bei iwe nayo au isiwe nayo. Kama itakutajia TANePS (mfumo wa zabuni uliotangulia NeST) au Sheria ya Ununuzi ya 2011, ujue imelala miaka hiyo. Sasa ni NeST na Sheria ya 2023. Mambo ya kodi na sheria pakua nyaraka husika, mpe isome hapo hapo, isijibu kwa kumbukumbu.

---

Mdau wa Makambako:

Mkuu nimekusoma, ila tuseme ukweli, shule na zahanati nyingi zinajengwa kwa force akaunti, yaani taasisi inasimamia ujenzi yenyewe kwa mafundi bila kumpa mkandarasi. Sisi tunabaki kugombea vipande. AI itatusaidia nini hapo?

---

Mleta uzi:

Haitusaidii hata kidogo, hilo ni la kisera, tulipeleke kwenye vyama vyetu. Ila vipande vikiwa vichache na waombaji wengi, bei zinashuka zaidi, na ule mtego niliouandika juu unazidi kubana. Tena bei ikiwa chini kupita kiasi, taasisi inaweza kukutaka uthibitishe utaifanyaje kazi kwa bei hiyo. Utajibu nini, kwamba niliambiwa na simu?

---

Mdau wa Iringa, mkadiriaji majenzi:

Hilo la mwisho nimelipenda. Na ramani je? Nasikia wanaipa michoro inapima yenyewe.

---

Mleta uzi:

Zipo mkuu, Marekani kuna Togal na nyingine za aina hiyo, zinasoma mchoro na kutoa maeneo ya vyumba na kuta. Kwa mchoro safi uliotoka kwenye kompyuta zinaokoa muda. Wateja wetu binafsi wanakuletea picha ya WhatsApp ya mchoro uliokunjwa, umepigwa kwa pembeni. Skeli imeshakufa hapo. Zabuni za Serikali nyingi BOQ inakuja na vipimo, kwa hiyo kwetu hii si ya haraka. Ukilazimika, ipe vipimo vilivyoandikwa kwenye mchoro kwa tarakimu, isipime picha.

Dada wa Njombe, jambo moja kabla sijasahau. Unapopakia nyaraka, toa wasifu na vyeti vya wahandisi wako. Hizo ni taarifa binafsi za watu, na sheria ya kuzilinda tunayo tangu 2022. Na bei zako za mwisho zisikae kwenye akaunti mnayotumia watu watano ofisini.

---

Mdau wa Njombe:

Asante kaka. Hilo jedwali la daftari, unaweza kutuwekea tupu tukaiga?

---

Mleta uzi:

Nitaliweka jioni dada. Safu ni zile zile nilizotaja. Ongeza moja ya mwisho: bei uliyoweka kwenye zabuni, pembeni ya bei uliyolipa kweli. Anza na kazi uliyomaliza karibuni, risiti zake bado zinasomeka. Zile za EFD wino unafutika haraka, piga picha leo.